Upepo Kwenye Usukani: Kwa Nini Gari Linarudi Garajini

Gari likiingia garajini Rubavu, Rwanda, huku likilia kila linapokata kona, fundi hahitaji kufungua boneti ili alitaje tatizo. "Ni upepo huo, bosi," husema, na mara nyingi husema kweli. Oili ya pawa stelingi imechanganyika na hewa, na pampu inaguna kwa sababu inasukuma povu badala ya kusukuma oili. Kinachofuata kinajulikana Gisenyi, Goma na Musanze: kikopo cha oili kinajazwa, injini inawashwa, usukani unazungushwa kulia na kushoto hadi mwisho mara kadhaa, kelele inapungua, mwenye gari analipa na kuondoka. Siku chache baadaye kelele inarudi, oili inaongezwa tena. Mchezo huo ukiendelea miezi kadhaa pampu inakufa, na lawama inaiangukia pampu yenyewe, au barabara, au aliyeuza gari.

Kutoa upepo ni sehemu nyepesi ya kazi hii. Swali zito ni upepo umeingilia wapi, na ndilo linalorukwa, kwa sababu tundu linaloingiza hewa kwenye pawa stelingi kwa kawaida halidondoshi oili. Fundi anaangalia chini ya gari, anaona pakavu, anahitimisha kwamba hakuna kinachovuja.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Mkanda unaoendeshwa na injini unazungusha pampu. Pampu inavuta oili kutoka kwenye kikopo kupitia mpira mnene wa kuvutia, inaisukuma kwa nguvu kupitia mpira wa presha hadi kwenye reki au boksi ya stelingi, halafu oili inarudi kwenye kikopo kwa mpira wa tatu. Vali iliyo chini ya shina la usukani huamua oili isukume upande gani wa pistoni, na pistoni ndiyo inayosaidia mikono ya dereva. Mhandisi Mmarekani Francis Davis alianza kuushughulikia mfumo wa namna hii katika miaka ya 1920, baada ya kufanya kazi kwenye malori ya Pierce-Arrow na kuona jinsi madereva walivyoteswa na uzito wa usukani. Magari madogo yalisubiri hadi 1951, Chrysler walipouweka kwenye Imperial. Tangu hapo kanuni haijabadilika: oili haibanwi ikapungua, kwa hiyo nguvu inayoingia upande mmoja inatoka upande wa pili bila kuchelewa.

Hewa inabanwa. Hapo ndipo matatizo yote yanapoanzia. Usukani ukikatwa hadi mwisho, presha kwenye gari dogo hupanda kufikia bar 70 hadi 100 hivi, wakati tairi lake lina bar 2 na kidogo tu. Kiputo cha hewa kikiingia kwenye presha hiyo kinasinyaa ghafla, kinapata joto kali, kinaiunguza oili iliyokizunguka, na kikibomoka karibu na chuma kinakimega chuma chenyewe punje kwa punje. Mlio anaousikia dereva ni sauti ya viputo vingi vikibomoka ndani ya pampu kila sekunde. Dereva naye anapata dalili yake mikononi: usukani unakuwa mzito katikati ya kona, kisha unalegea, kisha unakuwa mzito tena, hasa injini ikiwa inanguruma polepole, kwa mfano anapogeuza gari kwenye foleni ya mpakani, Grande Barrière.

Hewa haiingii kupitia tundu tu. Sehemu yake imo ndani ya oili tangu kwenye kopo la dukani, imeyeyuka na haionekani. Oili ya madini iliyokaa wazi kwenye hewa ya kawaida hubeba hewa iliyoyeyuka kiasi cha karibu asilimia 9 ya ujazo wake. Mradi presha haijashuka, hewa hiyo haina madhara. Presha ikishuka, inatoka na kuwa viputo. Wakazi wa Gisenyi wanaishi kando ya mfano mkubwa wa jambo hili. Maji ya kina kirefu ya Ziwa Kivu yamebeba gesi za kaboni dioksidi na methani zilizofungiwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Mtambo wa KivuWatt ulioko Karongi, uliozinduliwa 2016 kwa uwezo wa megawati 26, unateremsha bomba hadi kwenye kina hicho. Maji yakianza kupanda, presha inapungua, gesi inajitenga, na viputo vyenyewe vinaendelea kuyainua maji. Hapa Rubavu, mtambo mdogo wa Rubona ulikuwa umeanza kutumia kanuni hiyo tangu 1963, ukipeleka methani kwenye boila za kiwanda cha bia cha Bralirwa. Kwenye gari, presha hushuka kwa namna hiyo mahali pamoja tu: mpira wa kuvutia, kati ya kikopo na pampu.

Huo ndio mpira unaostahili kuchunguzwa kwanza. Pampu inapovuta, presha ndani ya mpira huo inakuwa chini kuliko ya hewa ya nje. Klipu ikilegea kidogo, au oringi ya mdomo wa pampu ikikauka, oili haina sababu ya kutoka nje, ila hewa ina kila sababu ya kuingia ndani. Injini ikizimwa presha inasawazika, na pengine kiungo kinatoa jasho la oili lisilofika hata kuwa tone. Sili ya shafti ya pampu nayo iko kwenye mkumbo huo huo, na ikiharibika inaweza kunyonya hewa muda mrefu kabla haijamwaga oili. Mpira wa presha hauna siri ya namna hiyo: ukipasuka unarusha oili hadi kwenye ukuta wa injini, na kila mtu anaona.

Kuna njia tatu nyingine za hewa kuingia ambazo fundi makini hazisahau. Ya kwanza ni kikopo kilichopungua. Oili inayorudi inaanguka kutoka juu, inapiga povu, na povu hilo linavutwa moja kwa moja. Ya pili ni chujio lililoko chini ya kikopo. Vikopo vingi vina wavu mwembamba usioonekana ukifungua kifuniko, na wavu huo ukiziba kwa tope na mabaki ya mpira, pampu inalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, presha inashuka zaidi, na hewa iliyoyeyuka inajitenga hata kama hakuna tundu popote. Gari la aina hii linaweza kubadilishiwa mipira yote na bado likalia. Dawa yake ni kikopo kingine, kitu cha bei ndogo ukilinganisha na pampu. Ya tatu ni mpira usio wake. Mpira wa maji au wa petroli ukiwekwa badala ya mpira wa kuvutia unaweza kuvumilia wiki za mwanzo, kisha joto linaulainisha, unanyonywa na kubonyea kwa ndani. Ukiutazama injini ikiwa imezimwa, ni mzima kabisa.

Mpakani hapa, tatizo la mpira usio wake lina chanzo chake. Rwanda tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na magari mengi ya hapa yana usukani kushoto. Ng'ambo ya Petite Barrière, mjini Goma, barabara ni ya upande ule ule lakini sehemu kubwa ya magari yamekuja na usukani kulia, kama yalivyotengenezwa kwa ajili ya Japani. Vipuri vilivyotumika huvuka kwenda na kurudi. Pampu ya gari la usukani kulia huenda ikafunga bila shida kwenye gari la usukani kushoto kwa sababu injini ni moja. Reki haitafunga, na mipira haitafuata njia ile ile: mmoja utakuwa mfupi, mwingine utapindwa kupita karibu na ekzosi. Fundi anayetaka kumsaidia mteja anaunganisha vipande viwili kwa klipu nne, na kila klipu anayoongeza upande wa kuvuta ni mlango mpya wa hewa. Sehemu iliyonunuliwa Gatsata, Kigali, inaweza kuwa na kasoro hiyo hiyo kama hakuna aliyeuliza imetoka gari la upande gani.

Barabara nazo zina mchango, ingawa si ule unaodhaniwa. Lami ya kutoka Musanze ni nzuri, ila ina kona nyingi zinazofuatana hadi unapoanza kushuka kuelekea ziwani, na kila kona ni kazi kwa pampu. Mitaa iliyotandikwa mawe inatikisa injini na mipira yake. Goma ni mbaya zaidi, kwa kuwa mitaa mingi bado imelala juu ya mawe makali ya volkano, yakiwemo yaliyoletwa na mlipuko wa Nyiragongo wa Januari 2002. Gari linalotambaa juu ya mawe kama hayo linakata usukani likiwa karibu limesimama, na hali hiyo ndiyo nzito kuliko zote kwa pampu. Mitikisiko haileti hewa yenyewe. Inalegeza klipu, inachosha ushikizi wa injini, na injini inayocheza inavuta mipira iliyofungwa kwake.

Mwinuko unasingiziwa zaidi. Gisenyi iko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni karibu kilopaskali 85, wakati Mombasa au Dar es Salaam ni 101. Ukipanda hadi Mukamira, juu ya mita 2,000, inashuka zaidi. Kwa kuwa ni presha ya hewa inayoisukuma oili kutoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu, ni kweli kwamba huku juu pampu ina msaada mdogo kwa asilimia 16 hivi. Lori lililojazwa oili pwani likipanda hadi huku litatoa sehemu ya hewa iliyokuwa imeyeyuka. Lakini oili iliyozoea mwinuko huu nayo hubeba hewa pungufu, kwa hiyo mambo yanakaribia kusawazishana. Gari zima halilii kwa sababu ya Mukamira. Gari lenye klipu mbovu litalia Mukamira kabla halijalia Bagamoyo, pwani. Mwinuko unafichua ubovu, hauuzai.

Sasa kuhusu kazi ya kuutoa upepo wenyewe, ambayo mafundi hubishana juu yake. Wengi huanza kwa kuwasha injini, na naona hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii. Sababu yake inahesabika. Kiputo chenye upana wa milimita 1 kwenye oili yenye uvuguvugu hupanda kwa karibu sentimita 1.5 kila sekunde, kwa hiyo hufika juu ya kikopo mara moja. Kiputo chenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita hupanda polepole mara 100, kwani kasi hufuata mraba wa upana, na kitahitaji zaidi ya dakika 10 kupanda sentimita 10. Pampu inayozunguka ni mashine ya kukatakata viputo vikubwa kuwa vidogo. Zaidi ya hapo, pampu ya gari dogo inasukuma lita kadhaa kwa dakika, wakati mfumo mzima una takriban lita 1. Oili yote inamaliza mzunguko wake kwa sekunde 10 hivi, na ndani ya kikopo inakaa sekunde chache tu. Hakuna kiputo kidogo kinachoweza kupanda juu kwa muda huo. Kinavutwa tena, kinakatwa tena, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa.

Kwa hiyo injini ikae imezimwa kwanza. Magurudumu ya mbele yainuliwe na gari likae juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Kuinua kunaondoa msuguano wa matairi na ardhi, usukani unazunguka kwa mkono bila kupambana, na presha ndani inabaki ndogo. Kikopo kijazwe hadi alama, kifuniko kiachwe wazi au kifunikwe kwa kitambaa safi kuzuia vumbi. Usukani uzungushwe polepole toka mwisho hadi mwisho, mara 10, 15, 20, huku mtu wa pili akiangalia kikopo na kuongeza oili kabla haijashuka mpaka kwenye mdomo wa chini. Viputo vikubwa vitatoka vyenyewe. Vikiisha, gari liachwe litulie. Mapumziko hayo ni kazi, hata kama fundi anaonekana amekaa. Ndipo injini iwashwe, iachwe ingurume polepole bila kukanyaga mafuta, na usukani uzungushwe tena taratibu. Usishikiliwe mwishoni zaidi ya sekunde mbili tatu, kwa kuwa pale oili inapita kwenye vali ya usalama ikizunguka na kupata joto bila kwenda popote. Povu likionekana, zima, subiri, rudia. Mfumo uliokuwa umefunguliwa kubadilisha reki unaweza kuhitaji kulazwa usiku kucha.

Jinsi ya kujua kwamba kazi imekwisha ipo kwenye vitabu vya ufundi vya Toyota, na inafaa kwa gari lolote la haidroliki. Oili ikiwa imepata joto la kazi, tia alama usawa wake injini ikiwa inanguruma, kisha zima na utazame. Kama hewa imebaki, viputo vilivyokuwa vimebanwa vinapanuka na usawa unapanda. Kupanda kukizidi milimita 5, hewa bado imo. Kipimo hiki kinahitaji macho na rula, na mwenye gari anaweza kukifanya mwenyewe kabla ya kulipa.

Magaraji machache hutumia pampu ya mkono ya kunyonya hewa, inayofungwa kwenye mdomo wa kikopo kwa kizibo cha mpira. Ni njia bora kwa magari sugu, kwa kuwa inavipanua viputo vidogo vikawa vikubwa vya kutosha kupanda, na inaitoa hata hewa iliyoyeyuka. Vitabu vingi vinavyoieleza vimeandikwa kwa ajili ya miji ya usawa wa bahari, ambako huambiwa kipimo kifike inchi 20 za zebaki. Gisenyi hakuna sababu ya kung'ang'ania namba hiyo. Saa ya pampu inahesabu kuanzia presha ya mahali ulipo, na kwa kuwa hapa unaanzia kilopaskali 85, inchi 15 tu zinakushusha hadi karibu kilopaskali 34, ambayo ndiyo presha inayopatikana Mombasa kwa inchi 20. Ukivuta zaidi ya hapo unaweza kukibonyeza kikopo cha plastiki kilichozeeka. Na kama sindano ya saa inarudi yenyewe mara tu unapoacha kuvuta, umepata ushahidi wa tundu bila kufungua kitu.

Tundu hilo linatafutwa kwa subira. Injini ikinguruma, paka grisi nzito au povu la kunyolea ndevu kwenye kiungo kimoja cha mpira wa kuvutia, usikilize. Mlio ukibadilika au povu likifyonzwa, umefika. Kisipotokea kitu, nenda kiungo cha pili. Oringi ya mdomo wa pampu na klipu mpya ni vitu vya bei ndogo, na ndiyo maana garaji halipendi kuvitoza: mteja yuko tayari kulipia pampu anayoiona, hayuko tayari kulipia saa moja ya fundi kutafuta. Makubaliano ya bei hapa kwetu hufungwa kwenye kipuri, na muda wa kuchunguza hauna jina kwenye risiti. Mwenye gari anayekubali kulipia uchunguzi anaokoa pampu. Kwa sasa wanaokubali ni wachache, na siwalaumu mafundi wanaoongeza oili na kumwachia mteja aende.

Oili yenyewe ichaguliwe kwa kusoma kifuniko cha kikopo. Toyota nyingi za zamani, zikiwemo Hiace na RAV4 za vizazi viwili vya mwanzo, zinatumia oili ya giaboksi ya otomatiki ya aina ya Dexron II au III. Honda wana ya kwao. Magari mengi ya Kijerumani yanataka ile ya kijani ya haidroliki, na kuichanganya na nyekundu kunaleta povu na kuharibu sili. Mafuta ya breki kamwe yasiingie humo: ni jamii nyingine kabisa, na raba za stelingi haziyavumilii. Oili ya injini nayo ni nzito mno kwa asubuhi ya baridi, na oili nzito inaongeza mvuto ule ule unaoitoa hewa.

Tatizo hili la upepo lina umri wake. RAV4 ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwishoni mwa 2005, tayari ina stelingi ya mota ya umeme, na magari ya umeme kama e-Golf ambazo Volkswagen walianza kuzijaribu Kigali 2019 hayana hata injini ya kuzungusha pampu. Humo hakuna oili wala upepo. Malori ni habari nyingine. Fuso na matrela yanayoshuka kuelekea mpakani yanategemea haidroliki, na mengi yatazeekea kwenye barabara hii. Dereva wa lori anayeusikia mlio anapoanza mteremko wa kuingia Gisenyi asisubiri hadi afike mjini, kwa sababu usukani wenye povu huweza kumwachia uzito wote mikononi katikati ya kona.

Ikiwa oili imetulia, usawa haupandi, viungo vyote vimekaza, na pampu bado inalia, basi mapezi yake ya kusukuma oili yamekwisha kuliwa na hakuna tena kutoa upepo. Hapo oili yote imwagwe kupitia mpira wa kurudisha, mfumo usukutuliwe kwa oili safi hadi itoke bila chenga za chuma, kikopo kibadilishwe pamoja na chujio lake, ndipo pampu nyingine ifungwe. Ikifungwa juu ya chenga za ile ya zamani, itaanza kuliwa siku hiyo hiyo.